Kituo cha Mwisho, Bwawa la Fahari

Katika nchi yetu, ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa mpaka kamati ya kulisafisha jina hilo imalize kazi, raia hatembei ovyo. Zamani watu walijipakia kwenye magari wakaenda wanakotaka, wakasimama wanapotaka, wakatazama chochote kilichowakalia mbele ya macho. Matokeo yake yalikuwa mabaya. Kuna waliotazama hospitali zisizo na paa. Kuna waliotazama barabara pale inapoishia. Walirudi nyumbani wamenuna, na kununa kwao kukaambukiza mitaa mizima. Ndipo Serikali ikafanya utafiti, ikagundua kwamba huzuni nane katika kila kumi huingilia machoni, ikaunda Wizara ya Mandhari na Utulivu wa Macho.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Familia ikitaka kusafiri zaidi ya kilomita hamsini, inaandika orodha ya vituo inavyotaka kutazama na kuipeleka wizarani. Wizara inairekebisha, kisha familia inapewa mtazamishaji. Mtazamishaji ni mtumishi wa umma anayekaa kiti cha mbele na filimbi. Akiipiga mara moja, mnatazama. Akiipiga mara mbili, mnaacha. Kati ya kituo na kituo mapazia hufungwa, na dereva anaruhusiwa kutazama lami peke yake.

Mimi ni Mwalimu Mfaume Likwata, nafundisha jiografia, na kwa miaka kumi na tisa sikuona ubaya wowote katika utaratibu huo. Hata sasa sisemi kwamba nauona. Naeleza tu yaliyotupata.

Gari letu lilikuwa la kusambazia mikate, kabla kiwanda cha mikate hakijafungwa ili kiimarishwe. Seremala wa mtaani alitutengenezea humo ndani vitanda vya kukunja, kabati la vyombo na kijimeza cha kuwekea jiko la gesi. Mke wangu, Mwanahamisi, alishona mapazia ya kitenge. Harufu ya mikate haikutoka. Ukilala mle unaamka na njaa hata kama umeshiba.

Tuliliandaa kwa sababu ya mama yangu, Bi Somoe. Daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake yatazimika kabla ya mvua za vuli. Alimwambia huku akiandika jambo jingine. Mama hakulia. Aliuliza tu mvua za vuli mwaka huu zinaanza lini.

Jumapili moja, tulipomaliza kula ubwabwa, nikatoa karatasi nikasema kila mtu ataje anachotaka kukiona.

"Twiga," akasema binti yangu Tausi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuwa na watoto wenzake pale nyumbani, kwa hiyo alizoea kusema wa kwanza.

Mwanahamisi alitaka chemchemi ya maji moto ya Kisiwi. Anashona sare za shule, anakanyaga cherehani kutwa, na miguu yake huvimba kama mihogo. "Nikae pale nusu saa tu," alisema, "nimeitumbukiza mpaka magotini. Msinisemeshe."

Mimi nikaandika ukuta wa Bonde Kuu. Kila mwaka nauchora ubaoni kwa chaki, na sijawahi kuuona.

"Na wewe, mama?"

Mama alikuwa akiokota punje za wali mezani kwa kupapasa. "Lihulu," akasema.

Lihulu ni kijiji alichozaliwa. Waliondoshwa huko miaka arobaini na miwili iliyopita, kabla sijazaliwa, kwa malori ya Serikali, ili bonde lao lijazwe maji liwe bwawa.

"Mama, Lihulu si iko chini ya bwawa?"

"Nimeulizwa nataka kuona nini, nimesema." Aliinua uso kuelekea sauti yangu. "Kaka yako wa kwanza amelala kule, nyuma ya jiko. Hakufikisha hata mwaka. Siku ya malori sikupewa nafasi ya kumuaga. Wewe andika, Mfaume."

Nikaandika.

*

Wizarani tulipokelewa vizuri. Tulikaa kwenye benchi siku moja na nusu, na benchi lilikuwa na mto. Aliyetuhudumia alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na muhuri alioushika muda wote kama anayeogopa kunyang'anywa.

"Twiga," akasoma. "Twiga wako masomoni."

"Masomoni?"

"Walipelekwa nchi rafiki kwa ziara ya mafunzo. Bado hawajahitimu. Mtamtazama Twiga wa Kitaifa, ni wa saruji, ana nidhamu." Akagonga muhuri. "Chemchemi ya Kisiwi inapumzishwa. Badala yake mtatazama Tangi la Umoja. Ukuta wa Bonde Kuu..." Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, ule ni mporomoko. Wizara haiwezi kuonyesha wananchi kitu kilichoporomoka. Mtatazama mchoro wake, upo kwenye ukuta wa ofisi ya wilaya, umechorwa na mtaalamu. Lihulu. Lihulu ndiyo nini?"

"Kijiji," nikasema. "Mama yangu amezaliwa huko."

Akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole, akakifunga. "Hakipo."

"Kilikuwepo kabla ya bwawa."

"Kama hakipo sasa, hakikuwepo. Kitabu hiki hakina ukurasa wa vilivyokuwepo." Akamgeukia mama, akaongeza sauti kama watu wanavyofanya kwa wenye macho mabovu. "Bibi! Umezaliwa mahali pasipokuwepo! Hilo nenda kalitatue kwenye ofisi ya vizazi na vifo!"

"Nasikia vizuri, mwanangu," mama akasema. "Ni macho tu."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kituo cha mwisho: Bwawa la Fahari, dakika ishirini.

"Mtatazama maji," akasema bila kutuangalia. "Chini ya maji mtajaza wenyewe."

*

Mtazamishaji wetu aliitwa Ndugu Kapelele. Alikuwa mwembamba, mpole, amevaa suti ya mtu mnene, na alibeba chupa ya uji kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa mbele, akafumba macho.

"Hujisikii vizuri?" nikamuuliza.

"Kanuni ya nne, mwalimu. Mtazamishaji hatazami kati ya vituo. Mwaka wa sita huu. Naijua barabara hii kwa matuta."

Kwa twiga tulifika saa nne asubuhi. Alikuwa na miguu minne mizuri na kiwiliwili kilichopakwa madoa. Shingo haikuwepo.

"Shingo ni awamu ya pili," Ndugu Kapelele akaeleza, akapiga filimbi mara moja.

Tukatazama. Upepo ulikuwa ukivuma juu ya mabega ya twiga. Tausi alitazama mahali ambapo kichwa kingekuwa, kwa uangalifu sana, kama anayesubiri kitokeze. Filimbi ikalia mara mbili, kikaletwa Kitabu cha Furaha. Kitabu kina nafasi tatu za kuweka alama: nimefurahi sana, nimefurahi, na nimefurahi kiasi (toa maelezo kamili na anwani ya mwajiri). Tausi akaniuliza aandike wapi. Nikamwonyesha ya kwanza.

Kwenye Tangi la Umoja, Mwanahamisi alishuka garini akavua viatu. Alikwenda mpaka kwenye tangi akaligusa. Lilikuwa tupu, likalia kama ngoma.

"Ndugu Kapelele," akasema, "miguu naweka wapi?"

"Kituo hiki ni cha macho, mama. Si cha miguu."

Akasimama pale, viatu mkononi, juu ya kokoto za moto. Sikumwona akikasirika. Akavaa viatu, akaandika nimefurahi sana, akarudi garini. Tangu hapo hakusema neno tena. Nilimpikia chai kwenye jiko la gesi, akaipokea, akaishika mpaka ikapoa.

Mchoro wa Bonde Kuu tuliutazama siku ya pili. Mteremko ulikuwa umechorwa upande usio wake. Mwanafunzi wangu angechora hivyo ningempa tatu kwa kumi. Niliandika nimefurahi sana. Nakumbuka nilijikuna mkono, nikaona kama najikuna mkono wa mtu mwingine. Nikadhani ni uchovu wa usukani.

Mama alikuwa mtulivu muda wote. Alilala kitanda cha chini, pazia limefungwa, akawa anamuuliza Tausi, "Mke mwenzangu, tumefika?" Tausi anajibu bado. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, gari lilipoanza kuteremka mlima, hakuuliza. Aliinuka mwenyewe akajifunga kanga.

"Tumefika," akasema. "Nausikia mto."

*

Bwawa la Fahari lina jukwaa la saruji lenye kingo za buluu, na ubao mkubwa uliochorwa mawimbi. Ubao unasema: KINA CHA MAJI MITA AROBAINI. USIOGELEE. Chini ya jukwaa lilikuwa bonde. Lilikuwa pana, lenye nyasi kavu na vichuguu, na katikati yake kijito chembamba kiking'aa. Mbali, upande wa mashariki, ulisimama ukuta mrefu wa zege wenye tundu kubwa mahali pa malango, na kile kijito kilipita kwenye tundu kikaenda zake. Mteremkoni walikuwa wamepigilia vigingi vyenye namba za kina: mita mbili, tano, kumi, ishirini.

Alitupokea nahodha wa bwawa. Alivaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, na nyuma yake boti ilikuwa imekaa juu ya mawe.

"Karibuni sana," akasema. "Leo maji yametulia."

"Yametulia kweli," nikajibu. Sikuona jingine la kusema.

"Baba," Tausi akauliza, "maji yako wapi?"

Ndugu Kapelele alishtuka mpaka filimbi ikalia yenyewe. "Binti," akasema, "maji yako pale pale yalipoandikwa."

Mama alishika kingo. Wakati ule alikuwa bado anaona mwanga na maumbo. "Mfaume. Kile kinachong'aa pale chini ni mto?"

"Mama, pale ni katikati ya bwawa."

"Nimekuuliza kuhusu mto."

Nikamtazama Ndugu Kapelele. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Ndiyo, mama," nikasema.

"Kushoto kwake kuna jiwe kubwa, kama ng'ombe aliyelala?"

"Lipo."

Akavua ndala. Penye jukwaa kuna ngazi za kushukia boti, na mama akazipapasa kwa mguu, moja baada ya nyingine, mpaka akakanyaga nyasi. Ndugu Kapelele akapiga filimbi mara mbili, ya kuacha. Akapiga mara tatu. Akapiga mara nne, na kanuni zinaishia mara mbili. Mama hakuharakisha wala hakugeuka. Alitembea kama mtu anayetoka sokoni kuelekea kwake.

Nahodha akashika kingo, akaanza kusoma vigingi kwa sauti, nadhani kwa mazoea ya kazi. "Mita mbili... mita tano... mita kumi." Alipofika kumi akavua kofia. "Maji yamempita kichwa," akasema.

"Kamfuate," Mwanahamisi akaniambia. Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu kwenye tangi.

Nikapiga hatua moja. Ndugu Kapelele akanishika mkono wa shati. "Mwalimu, ukiteremka unaingia majini. Huna jaketi la kuokolea."

"Nipe basi jaketi."

"Yako makao makuu."

"Na boti?"

"Boti haina petroli," nahodha akasema, na aliona haya kweli.

Mle chini mama alikuwa amelifikia jiwe. Alilizunguka kwa kulipapasa, akahesabu hatua, akainama, akatambaa kidogo. Kisha akaketi chini akanyoosha miguu.

"Ni hapa!" akaita. Sauti ilipanda kwetu ikiwa nzima kabisa. "Mafiga yapo! Na huyu yupo, nimempata!"

"Mwangwi," nahodha akasema. "Maji mengi huwa na mwangwi."

*

Ndugu Kapelele akatoa fomu. Inaitwa Taarifa ya Kuzama, na inahitaji saini ya ndugu aliyeshuhudia. Alinipeleka pembeni, karibu na tairi la gari.

"Mwalimu, mimi si mtu mbaya," akasema. "Nisikilize. Kama bibi hakuzama, basi maji hayapo. Kama maji hayapo, nahodha ni nahodha wa nini? Mimi miaka sita nimeleta watu hapa kutazama nini? Na wewe. Wewe si ndiye unayefundisha bwawa hili darasa la sita?"

Ni kweli. Lipo kwenye kitabu, sura ya saba. Bwawa la Fahari ndilo ziwa kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu katika nchi yetu, kina chake ni mita arobaini. Kila mwaka nalitoa kwenye mtihani. Mwanafunzi mmoja aliyekulia karibu na huku aliwahi kujibu kwamba kina chake ni sifuri, nikampa sifuri.

"Nisiposaini?"

"Gari halitoki. Na wewe hutarudi darasani. Saini tu, mwalimu. Bibi yuko salama, tunamwona wote. Ni karatasi."

Nilisubiri nihisi kitu. Nilidhani kitakuja kifuani, au kooni, mahali vitu hivyo hujia. Hakikuja. Nikachukua kalamu nikasaini, na mwandiko ulitoka mzuri.

Nilipogeuka, Mwanahamisi alikuwa nyuma yangu. Aliitazama saini kwa muda. Halafu akaingia garini akaanza kutoa vitu: jiko la gesi, sufuria, mfuko wa unga, mablanketi mawili, dumu la maji. Akaling'oa na pazia moja la kitenge.

"Unafanya nini?"

"Mama hajala tangu asubuhi."

"Mama Tausi, ukishuka kule itabidi..."

"Andika," akasema. "Kalamu unayo."

Akajitwika dumu, akachukua jiko mkono mmoja na sufuria mkono wa pili, akashuka zile ngazi. Nahodha akaanza tena, mita mbili, mita tano, lakini kwa sauti ya chini.

Tausi alibaki kwenye ngazi ya kwanza, amekumbatia mablanketi.

"Baba, unakuja?"

"Tangulieni. Namalizia fomu."

Alinisubiri. Nasema hivyo kwa sababu watu wengine wamesema alikimbia, na si kweli. Alisimama pale akinisubiri mpaka Ndugu Kapelele alipoangalia saa, akapiga filimbi mara mbili kwamba dakika ishirini zimekwisha. Basi akashuka. Kwa mtoto, nahodha hakusoma vigingi. Aligeukia upande wa boti.

Fomu ilikuwa na nafasi ya majina mawili tu. La tatu nililiandika pembeni, nikaweka mshale.

*

Nilirudi mjini na mapazia yamefungwa, isipokuwa dirisha moja lililobaki wazi, ambalo Ndugu Kapelele aliliziba kwa mgongo njia nzima.

Mwanzoni wizara ilipata hofu. Halafu mtu mmoja wa makao makuu, ambaye sasa ni naibu waziri, akaisoma taarifa mara ya pili akaona thamani yake. Wiki ile ile Waziri akazungumza redioni. Nakumbuka hotuba hiyo neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimeketi kando yake, nimevalishwa suti.

"Ndugu wananchi," akasema, "kwa muda mrefu wako watu wenye ndimi chafu waliodai kwamba Bwawa la Fahari halina maji. Leo nawauliza mbele ya mwalimu huyu: tangu lini mahali pakavu pakazamisha watu watatu wa nyumba moja? Msiba huu ni mzito, lakini ni msiba wenye maji! Mataifa mangapi barani yanaweza kusema hivyo?"

Nikapewa Nishani ya Mnusurika, Daraja la Kwanza. Ni nzito, inaelemea mfuko wa shati. Wanafunzi wangu waliambiwa wasimame ninapoingia.

Sheikh wa mtaa alikuja kunipa pole. Aliniuliza kama miili imeonekana, ili ajue ni sala gani.

"Imeonekana vizuri tu," nikamwambia. "Ilikuwa inapika."

Akakohoa. Akakaa kidogo, akasema ana mgonjwa wa kumtembelea. Sala haikusaliwa. Matanga yalikuwepo, ya kiserikali, na pilau lililetwa kwa lori. Nilikula. Watu walisema nimejikaza kiume, nikawashukuru, ingawa sikuwa nimejikaza popote.

Kilichofuata hakikutarajiwa na wizara. Ile habari ya redioni iliwafikia watu wa zamani wa Lihulu, waliokuwa wametawanyika katika makambi na vibanda vya miji mitatu. Wakaanza kuomba safari. Orodha zao zote zilikuwa na kituo kimoja. Wizara ilifurahi kuona wananchi wanaipenda mandhari ya taifa, ikawapitishia. Wakafika kwenye jukwaa na magodoro, mbuzi, mbegu za mahindi, mlango mmoja mmoja wa mbao. Filimbi ikapigwa, wakatazama, wakazama.

Familia ya kina Nanjonga ilizama na kuku ishirini. Mzee mmoja, fundi wa kuezeka, alizama na ngazi yake mabegani. Nahodha aliomba kupandishwa cheo kwa wingi wa kazi, akapandishwa. Kila walipozama wengi, wizara iliongeza kina, kwa kuwa mita arobaini hazitoshi kuzamisha vijiji. Likawa na mita sitini, kisha tisini na tano. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kurekebisha sura ya saba. Niliongeza pia mstari kuhusu ukungu unaoonekana asubuhi juu ya maji, kwa sababu moshi wa majiko ulikuwa unaulizwa maswali na wageni.

Walipofika familia ishirini na tatu, Ndugu Kapelele alinijia nyumbani akiwa hana filimbi shingoni. Alisema anafikiria kwenda kuzama, tumbo lake lingepata nafuu. Nilimkaribisha chai. Wiki iliyofuata nilimkuta kazini kama kawaida, na wala hakuligusia tena.

Mimi mwenyewe sikwenda. Watu wameniuliza kwa nini, kwa kunong'ona. Nishani ina masharti yake: mnusurika hawezi kuzama. Akizama, hapakuwa na mnusurika, na kama hapakuwa na mnusurika, ushahidi wote unaanguka. Naibu waziri alinieleza vizuri, nikamwelewa. Labda nilielewa upesi mno.

*

Juzi ilikuwa kumbukumbu ya mwaka wa kwanza. Tulikwenda na msafara, bendi ya shaba na wapiga picha. Wapiga picha walipangwa wakiwa wameligeuzia bonde mgongo, ili wanipige mimi tu na ubao wa mawimbi. Nikapewa shada la maua nilitupe majini.

Nikasogea kwenye kingo. Mle chini kulikuwa na nyumba za nyasi, sikuzihesabu, na mahindi yaliyofika kiunoni kando ya kijito. Jogoo alikuwa anawika saa zisizo zake. Mwanahamisi alikuwa ameketi kwenye jiwe la mtoni akikuna nazi. Mama alikaa mbele ya nyumba iliyo karibu na jiwe la ng'ombe, uso wake ameuelekeza juani. Sidhani kama bado anaona chochote. Alikuwa anazungumza na mtu wa upande wake wa kulia, na upande wake wa kulia hapakuwa na mtu, palikuwa na kijirundo cha mawe kilichopakwa chokaa.

Tausi ndiye aliyeniona. Amerefuka, gauni limempanda magotini. Aliacha ndoo akapanda mteremko mbio, akapita kigingi cha ishirini, akasimama kwenye cha kumi. Nadhani walikuwa wamemkataza kuzidi pale.

"Baba!" akaita. "Shikamoo!"

Bendi ilikuwa katikati ya wimbo. Ikazimika kipande kwa kipande, tarumbeta likabaki peke yake, nalo likanyamaza. Naibu waziri alitazama anga. Nahodha akasema kwa sauti ndogo kwamba leo mwangwi ni mkali.

Ndugu Kapelele alikuwa kando yangu. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama inaruhusiwa kuitikia salamu ya mtu aliyezama.

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema swali hilo halijawahi kuulizwa, kanuni ziko kimya, na kwamba ataandika barua makao makuu. Nisijibu kitu kwanza.

"Shikamoo, baba!" Tausi akarudia. Ana adabu, mama yake amemlea vizuri. Aliweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akasubiri, kama alivyosubiri siku ile kwenye ngazi.

Nilikuwa nimeshika shada kwa mikono yote miwili. Naibu waziri akanigusa kiwiko, nikalitupa. Likaanguka kwenye nyasi, mbuzi mmoja akaja akalinusa. Tausi alilitazama lile shada, akanitazama mimi, akateremka pole pole kurudi kwenye ndoo yake.

Barua ya Ndugu Kapelele haijajibiwa. Marahaba yake ninayo mpaka leo, imo mdomoni. Sijaimeza wala sijaitema.